Namna ya kufundisha somo la Utatu katika darasa la ubatizo, Mombasa

Mwanafunzi wa darasa la ubatizo akitoka ukumbini Jumamosi jioni anarudi Kisauni, Likoni au Majengo, kwenye nyumba za kupangana ambako jirani wa mlango wa pili ni Mwislamu. Kabla jua halijatua atakuwa ameshaulizwa: "Nyinyi mwasema Mungu ni watatu, sivyo?" Akibabaika, kosa si lake. Mara nyingi mwalimu wake alimpa mfano wa yai, akamwambia mengine ni fumbo, kisha wakaendelea na somo la sakramenti.

Mwongozo huu ni wa mwalimu asiyetaka kumwacha mtu wake hivyo. Njia yenyewe ni moja: anza na umoja wa Mungu, usiuachie hata mara moja, na acha Maandiko yenyewe yamlazimishe mwanafunzi kuuona Utatu. Ukianza na tatu ukatafuta jinsi ya kuifanya iwe moja, utahangaika hadi mwisho wa somo.

Kabla ya kipindi cha kwanza

Tenga vipindi vitano, kila kimoja saa moja u nusu: kimoja cha umoja wa Mungu, viwili vya Mwana, kimoja cha Roho Mtakatifu, na cha mwisho cha maswali. Jumapili ya Utatu huja wiki 8 baada ya Pasaka, kwa hiyo ukikutana kila Jumamosi, anza Jumamosi ya nne baada ya Pasaka na utamaliza siku moja kabla ya sikukuu yenyewe. Darasa lisizidi watu 15, maana kila mtu lazima asome kwa sauti na kujibu kwa kinywa chake. Wote watumie tafsiri moja ya Biblia. Union Version ya 1952 inafaa kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Mwenye Habari Njema asizuiwe, ila asomaye kwa sauti asome ile moja, la sivyo nusu ya kipindi itaishia kwenye kulinganisha maneno.

Andika sentensi hizi tatu kwenye karatasi ya manila, ibandike ukutani, na isitoke hapo kwa wiki zote tano:

1. Mungu ni mmoja tu.
2. Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu.
3. Baba siye Mwana, Mwana siye Roho, Roho siye Baba.

Fundisho la Utatu ni sentensi hizo tatu zikishikwa kwa pamoja. Tunaposema "Mungu mmoja katika nafsi tatu" tunazifupisha tu. Faida yake kubwa kwa mwalimu ni kwamba kila upotofu unaojulikana katika jambo hili ni kuachia mojawapo. Ukiachia ya kwanza unapata miungu watatu. Ukiachia ya pili unapata fundisho la Arius, kasisi wa Aleksandria aliyesema kulikuwa na wakati Mwana hakuwako. Ukiachia ya tatu unapata la Sabellius, kwamba ni Mungu mmoja anayebadili sura, leo Baba, kesho Mwana. Mwanafunzi akisema jambo lisilokaa sawa, usimwambie "umekosea" tu. Mwonyeshe ukutani ni sentensi gani ameiachia.

Kipindi cha umoja

Walimu wengi hukipitia kipindi hiki kwa dakika 10 kwa kuwa "wote wanajua Mungu ni mmoja." Hapo ndipo somo linapoharibikia. Kumbukumbu la Torati 6:4 isomwe polepole: "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja." Kisha Isaya 44:6 na 45:5. Kisha Marko 12:29, ambapo Yesu mwenyewe anaulizwa amri ya kwanza ni ipi naye anajibu kwa maneno yale yale ya Kumbukumbu. Malizia na 1 Wakorintho 8:4 na Yakobo 2:19.

Darasa lielewe kwamba Petro, Yohana na Paulo walikuwa Wayahudi waliolelewa katika ungamo hilo. Hawakuwa watu wa kuongeza mungu wa pili kwa wepesi. Swali la kwenda nalo nyumbani ni hili: watu wa namna hiyo walifikaje kumsujudia Yesu? Usilijibu wiki hiyo.

Onyo moja hapa. Usianze na Mwanzo 1:26, "Na tufanye mtu kwa mfano wetu." Ni aya tamu, lakini ikisimama peke yake haithibitishi kitu. Wapo wanaoisoma kuwa Mungu anasema mbele ya baraza la mbinguni, wengine kuwa ni wingi wa utukufu, na jirani wa mwanafunzi wako anayajua majibu hayo yote mawili. Vivyo hivyo wageni watatu wa Ibrahimu katika Mwanzo 18. Agano la Kale lina dokezo, na dokezo husomeka vizuri baada ya mtu kuujua ufunuo wenyewe. Yarudie mwishoni.

Vipindi viwili vya Mwana

Hapa ndipo pa kutulia. Simamisha wasomaji wawili mbele. Wa kwanza asome Isaya 45:22-23, mahali Mungu anapojiapia kwamba mbele zake kila goti litapigwa na kila ulimi utaapa. Wa pili asome Wafilipi 2:9-11: "ili kwa jina la Yesu kila goti lipigwe... na kila ulimi ukiri ya kuwa Yesu Kristo ni BWANA, kwa utukufu wa Mungu Baba." Uliza swali moja tu: katika Isaya, magoti hayo yalikuwa ya nani? Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu na utatamani kusaidia, usisaidie. Mtu atakayeliona mwenyewe hatalisahau, na utalitambua usoni pake kabla hajafungua kinywa.

Wakishaliona, waelekeze kwenye maneno ya mwisho, "kwa utukufu wa Mungu Baba." Yesu anapokea heshima ambayo Mungu alisema ni yake peke yake, na bado Baba yupo pale na ni mwingine. Sentensi ya pili na ya tatu zimo katika aya moja, na ya kwanza iko nyuma yake katika Isaya. Ongeza Isaya 42:8, "utukufu wangu sitampa mwingine," halafu Yohana 17:5, Yesu anapoutaja utukufu aliokuwa nao pamoja na Baba kabla ya ulimwengu kuwako.

Baada ya hapo linganisheni habari za kusujudu. Kornelio anamwangukia Petro, na Petro anamwinua akisema yeye naye ni mwanadamu (Matendo 10:25-26). Yohana anamwangukia malaika, naye malaika anamkataza na kumwambia amsujudie Mungu (Ufunuo 22:8-9). Wanafunzi wanamsujudia Yesu naye hawazuii (Mathayo 28:9 na 17), na Tomaso anamwambia "Bwana wangu na Mungu wangu!" bila kukemewa (Yohana 20:28). Kama Yesu angekuwa nabii tu, kunyamaza kwake hapo kungekuwa dhambi kubwa.

Yohana 1:1 iwekwe kipindi cha pili. Iandike ubaoni kwa rangi mbili: "naye Neno alikuwako kwa Mungu" rangi moja, "naye Neno alikuwa Mungu" nyingine. Ya kwanza inatofautisha, ya pili inaunganisha. Mashahidi wa Yehova watakaobisha hodi Biblia yao inaandika "mungu" kwa herufi ndogo. Mwanafunzi asibishane juu ya Kigiriki asichokijua. Asome aya ya 3, kwamba pasipo huyo Neno hakikufanyika cho chote kilichofanyika. Kama vyote vilivyofanyika vilifanyika kwa yeye, yeye mwenyewe hayumo katika vilivyofanyika.

Aya ngumu zilete wewe, wasizisikie kwanza barabarani. Tatu zinatosha:

"Baba ni mkuu kuliko mimi" (Yohana 14:28). Anayesema ni yule aliyejifanya hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa (Wafilipi 2:7), na yuko njiani kurudi kwa Baba. Ni habari ya nafasi aliyoichukua. Haisemi kwamba yeye ni kiumbe.

Mwana kutoijua siku ile (Marko 13:32). Mwana alifanyika mtu kweli, na Luka 2:52 inasema alizidi kuendelea katika hekima na kimo. Asemaye kwamba Yesu alijifanya tu hajui siku ile, huyo anaharibu habari ya Mungu kuwa mwanadamu.

"Mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote" (Wakolosai 1:15). Someni mpaka aya ya 17, kisha Zaburi 89:27, ambako Mungu anaahidi kumfanya Daudi mzaliwa wa kwanza. Daudi alikuwa kitinda mimba wa Yese. Jina hilo ni la cheo cha mrithi.

"Mungu ana mke?"

Swali hili litaulizwa, na mara nyingi litaulizwa kwa nia njema. Aulizaye amefundishwa tangu utoto katika Suratul Ikhlas kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, na akisikia "Mwana wa Mungu" anasikia ndoa na uzazi. Jibu lianze pale mnapokubaliana: "La, mzee wangu. Mungu hana mke, wala hazai kama binadamu azaavyo. Hilo hata sisi twalikana." Baada ya hapo ndipo aseme maana: Mwana ni Neno la Mungu, yuko pamoja na Mungu milele, na Imani ya Nikea, ungamo la kanisa la karne ya nne, inamwita aliyezaliwa bila kuumbwa ili kusema kwamba hakuwa na mwanzo na kwamba uungu wake ndio ule ule wa Baba.

Akitajiwa Al-Maida 116, kuhusu Isa na mama yake kufanywa miungu, mwanafunzi aseme kwa utulivu kwamba Mariamu hayumo katika Utatu na hakuna kanisa lenye ungamo kama hilo. Asijitie kufasiri Kurani. Kitabu cha mwenziwe akiheshimu, na chake akijue. Wala usimpeleke mtu wa wiki tano kwenye mihadhara ya uwanjani: pale mshindi ni mwenye aya nyingi na kipaza sauti, na wengi wa wanaoanza hutoka wamechanganyikiwa au wamejaa hasira.

Kipindi cha Roho Mtakatifu

Kila mtu anayepita Barabara ya Nkrumah ameliona Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, ila waulize darasani huyo Roho ni nani na wengi watajibu "nguvu ya Mungu." Nguvu haihuzuniki, naye anahuzunika (Waefeso 4:30). Anasema na kuwaita watu kazini (Matendo 13:2), anagawa karama "kama apendavyo yeye" (1 Wakorintho 12:11), anatuombea (Warumi 8:26). Kwa uungu wake, Matendo 5:3-4 inatosha kama ikisomwa kwa makini: Petro anamwambia Anania kwamba amemwambia uongo Roho Mtakatifu, na katika aya inayofuata, kwamba amemwambia uongo Mungu.

Huku pwani kuna kosa lake lingine. Watu waliokua wakisikia habari za majini na mapepo yanayopandishwa na kuamrishwa huweza kumweka Roho kwenye kundi hilo bila kujua, na utaisikia hata katika maombi yao, wakimwamuru aje au ashuke. Lisemeni waziwazi darasani. Yeye ni Bwana, ndivyo tunavyokiri katika Imani ya Nikea.

Mwanafunzi ataambiwa pia kwamba Msaidizi wa Yohana 14 ni Mtume Muhammad. Asome aya zenyewe: Msaidizi huyo anakaa kwa wanafunzi na atakuwa ndani yao (14:17), anaitwa Roho Mtakatifu kwa jina (14:26), na wanafunzi wale wale waliambiwa wangoje "siku hizi chache" (Matendo 1:5). Atosheke na hapo.

Mifano inayoharibu

Mfano wa maji, barafu na mvuke ni Sabellius mtupu: maji yale yale kwa nyakati tofauti. Yordani unaukataa (Mathayo 3:16-17), maana Mwana anapanda kutoka majini, Roho anashuka, na Baba anasema kutoka mbinguni, wote kwa wakati mmoja. Mfano wa mtu mmoja aliye baba, mume na mwajiriwa una kosa hilo hilo. Waulize basi, kule Gethsemane Yesu alikuwa akimwomba nani? Yai lina sehemu, na ganda peke yake si yai, wakati Mwana si theluthi ya Mungu. Jua na mwanga wake na joto lake hufanya wawili wa mwisho wawe vitu vinavyotoka tu, visivyopenda wala kusema. Na hesabu ya moja mara moja mara moja haisemi lolote, kwa kuwa ukizidisha mara mia bado ni moja.

Badala ya mfano tumia mchoro wa ngao, unaotumika makanisani tangu karne ya 13. Chora duara katikati ya manila, upana wa kiganja, andika MUNGU. Chora maduara mengine matatu, mawili juu na moja chini: BABA, MWANA, ROHO MTAKATIFU. Kutoka kila duara la nje vuta mstari hadi la katikati, andika juu yake "ni." Unganisha maduara ya nje kwa mistari mitatu, andika "siye." Huo haujaribu kumfananisha Mungu na chochote. Ni zile sentensi tatu za ukutani zilizochorwa, na kila mwanafunzi auchore mara mbili bila kuangalia.

Kipindi cha maswali

"Neno Utatu halimo katika Biblia." Kweli halimo, na mwanafunzi akubali mara moja. Kwa Kilatini lilitumiwa na Tertullian wa Kartago, hapa hapa Afrika, karibu mwaka 200, kulipa jina jambo lililokuwa likisomwa tayari.

"Lilibuniwa na Mfalme Konstantino huko Nikea mwaka 325." Konstantino aliuitisha mkutano, lakini aliyekuwa akijadiliwa ni Arius na mafundisho yake. Tena wafalme waliofuata hawakuwa wote upande wa Nikea: Konstantio, mwanawe Konstantino, aliwaunga mkono wapinzani wa Nikea, na Athanasius, askofu wa Aleksandria aliyeitetea, alihamishwa mara tano. Fundisho lililotegemea amri ya mfalme lingekufa pale. Habari ya Roho Mtakatifu ilikamilishwa katika ungamo la Konstantinopoli mwaka 381.

Kwa swali hilo hilo kuna ushahidi ambao darasa zima linaujua kwa moyo. Mikutano yetu hufungwa kwa kusema Neema: Neema ya Bwana Yesu Kristo, na pendo la Mungu, na ushirika wa Roho Mtakatifu. Hiyo ni 2 Wakorintho 13:14, na Paulo aliiandika karibu miaka 270 kabla ya Nikea, kama baraka ya kawaida ya kufungia barua, bila kuhisi haja ya kuieleza. Waonyeshe, na wengi watashangaa kwamba wamekuwa wakiisema tangu Shule ya Jumapili.

"Mitume walibatiza kwa jina la Yesu peke yake." Matendo 2:38 inaeleza wabatizwao walikuwa wakiingia chini ya mamlaka ya nani, agizo la namna ya kubatiza alilitoa Yesu mwenyewe katika Mathayo 28:19, na hapo ni "kwa jina," umoja, la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Aya moja uiache kabisa: maneno ya 1 Yohana 5:7 katika baadhi ya matoleo, kwamba mbinguni wako watatu washuhudiao, Baba, Neno na Roho Mtakatifu. Hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Erasmus, mtaalamu aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyatia katika matoleo yake ya 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kushinikizwa. Mwanafunzi akiitegemea, siku atakayoonyeshwa historia yake atadhani yote mengine ni hivyo hivyo.

Kupima kabla ya ubatizo

Mtihani wa kuandika hautoshi. Sikiliza maombi yao. Kosa linalosikika kuliko yote ni "Baba, twakushukuru kwa kufa msalabani." Baba hakufa msalabani, aliyekufa ni Mwana, na anayeomba hivyo ameiachia sentensi ya tatu bila kujua. Usimkatize katikati ya sala. Mwite baadaye kando, someni pamoja Waefeso 2:18, na mzoeze kuomba kwa Baba, kwa njia ya Mwana, katika Roho. Kumwomba Yesu moja kwa moja si kosa, Stefano alifanya hivyo akiuawa (Matendo 7:59), mradi ajue anasema na nani.

Kisha kila mmoja aje peke yake kwa dakika 10. Achore ngao. Aseme sentensi tatu na atoe andiko moja kwa kila moja. Mwisho umuulize swali la jirani, nawe ukae kama jirani, ukimkatiza na kumrudia kama watu wafanyavyo barazani. Akikwama kwenye sentensi ya kwanza, mrudishe Kumbukumbu 6:4. Kwenye ya pili, wasomaji wawili wa Isaya na Wafilipi. Kwenye ya tatu, Yordani. Mpe wiki moja, umpime tena, na jina lake lisipelekwe kwa kasisi kabla hajalijibu swali la jirani bila kukuangalia wewe usoni kutafuta msaada.